Sawa na Nyama ya Ng'ombe

Kufikia saa nne asubuhi Inspekta Ikupa Mwakalinga alikuwa amekwisha kufundishwa lishe na watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyemsaidia kujua kwa nini Nancy hawezi kusimama.

Wa kwanza alikuwa askari wa zamu, aliyemweleza kwamba nyama ndiyo damu na asiyekula nyama ataanguka tu, leo au kesho. Wa pili alikuwa mama muuza chai wa nje ya kituo. Yeye alisema nyama ndiyo inayoua watu, tena akataja presha, gauti na marehemu shemeji yake. Wa tatu alikuwa bosi wake.

"Mimi tangu mwanzo sikuzielewa hizi baga za choroko," alisema Afande Evaristo, mkuu wa upelelezi wa wilaya, akichokoa meno. "Baga bila nyama ni baga?"

"Afande, nimekuja kuomba muda."

"Muda wa nini? Wasichana wanne wa hosteli moja wamelala hospitali. Wote wamekula kwa Domitila, na Domitila yuko mahabusu. Kesho asubuhi apelekwe mahakamani, shitaka la kulisha watu sumu."

"Sumu gani?"

"Ya kwenye baga."

"Tumeipata?"

"Sampuli zimekwenda kwa mkemia. Majibu yatakuja."

"Lini?"

"Yatakuja, Ikupa!" Evaristo alitupa kijiti dirishani. "Unataka nikamwambie nini Masunga? Kila nikifungua simu ni yeye. Nancy ni mtoto wa dada yake, na nusu ya mji huu inanunua nyama kwake. Una mpaka kesho asubuhi."

Ikupa alitoka akiwa amekasirika, na hakujisumbua kuficha. Alikuwa na miaka mitatu Bariadi tangu ahamishwe kutoka Mbeya, na hajawahi kuona kesi ambayo kila anayehojiwa anajibu swali ambalo hakuulizwa. Ukimuuliza mtu nani aliingia jikoni, anakujibu habari za protini.

Alikwenda mahabusu kumwona Domitila kwa mara nyingine. Domitila Kwandu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kibanda cha chakula karibu na stendi. Baga zake zilikuwa mkate wa mviringo, kachumbari, na katikati kababu ya choroko na dengu. Kwa kawaida aliuza za kutosha kulipa pango. Kwaresma ilipoingia, Wakatoliki wa mji mzima wakamkumbuka, na Mama Benedikta mwenye hosteli ya wasichana akaamua kuwalisha mabinti zake hizo hizo mpaka Pasaka.

"Niambie tena unachoweka," alisema Ikupa.

"Afande, nimeshasema mpaka ulimi umechoka. Unga wa choroko na dengu. Kitunguu, pilipili manga, giligilani, chumvi. Naukanda kwa maji, nakaanga."

"Unga unausaga wapi?"

"Unakuja umeshachanganywa. Mdogo wangu Joakim ana mashine Mwandoya. Anapakia kwenye basi, mimi napokea stendi."

"Wewe unazila?"

"Ukishinda unanusa mafuta ya kukaangia, jioni unataka uji tu." Domitila alijifuta uso kwa kanga. "Hizi baga nilizianza kwa ajili ya mama. Ana presha. Walimwambia apunguze nyama ya mafuta, na mama yangu ni Msukuma, afande, bila kitoweo hapati usingizi. Ndipo nikamtengenezea kitu kinachofanana na nyama. Sasa leo naitwa muuaji."

"Nani alikuwa hataki uendelee?"

"Masunga bucha yake iko mbele yangu. Kabla ya Kwaresma alisimama pale barazani akasema, watu wakisikia, kwamba hizi baga zitaua mtu."

Hiyo angalau ilikuwa habari ya kipolisi. Ikupa alimwita Konstebo Ndaki, dereva wake, wakaenda hospitali kwanza.

Nancy alikuwa amelala chali, macho wazi. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, anasomea ualimu, mshika dini kuliko wenzake wote hosteli. Wengine walikula baga mchana na jioni wakachepuka kununua chipsi mayai. Nancy aliweka nadhiri ya kutogusa nyama, samaki wala mayai mpaka Pasaka, akala baga asubuhi, mchana na jioni. Ikupa alimwomba anyanyue mguu. Kidole gumba kilicheza kidogo, basi.

"Si kupooza kwa kawaida," alisema Daktari Hemed walipotoka kwenye korido. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, na macho yake yalionyesha hajalala vizuri. "Ni potasiamu. Ni chumvi mojawapo ya mwilini. Misuli haifanyi kazi bila hiyo. Yake imeshuka vibaya. Tunamwongezea kwa dripu inapanda, halafu inashuka tena. Kuna kitu kinaitoa, na sikijui. Na moyo nao ni msuli, Inspekta."

"Upungufu wa damu?"

"Damu yake ni nzuri kuliko yangu."

"Sumu ya kuogeshea ng'ombe je? Mwenye bucha anafuga, dawa hizo anazo."

"Hiyo ningeiona. Angetokwa na udenda, angetapika, angetetemeka. Huyu hakutapika hata mara moja. Alianza kuchoka akipanda ngazi, halafu akashindwa kunyanyua ndoo, halafu hivi. Kidogo kidogo, kwa majuma."

Mlango wa ofisi ya jirani ulifunguliwa, akatoka Harieth, afisa lishe. Ikupa alikuwa amemkwepa tangu jana. Harieth alikuwa mwema, msomi, mzaliwa wa Bukoba, na alikuwa hana uwezo wa kujibu swali kwa sentensi moja.

"Inspekta! Nasikia watu wanasema choroko zinapoozesha. Huu ni upotoshaji. Tuanze na protini."

"Tusianze na protini. Tuanze na Nancy."

"Huwezi kufika kwa Nancy bila kupita kwenye protini."

Ikupa alimtazama Hemed, Hemed akatazama dari. Hakukuwa na msaada hapo. Akavuta kiti.

"Haya. Mtu anaacha nyama ya ng'ombe, anakula kababu ya choroko. Anapata nini, anakosa nini? Kwa ufupi, dada yangu, nakuomba."

Harieth alijitahidi. "Nyama ina protini nyingi na mwili unaitumia vizuri. Choroko zinayo pia, ila ukishaweka maji na kitunguu kwenye kababu inapungua. Mafuta yale yanayoganda, nyama inazidi, na hilo si jambo la kujivunia. Nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, choroko zinazo, nyama haina kabisa. Chumvi ya mezani, mara nyingi baga za mimea ndizo zenye nyingi, kwa sababu mpishi anahangaika zipate ladha. Madini ya chuma yapo kote, lakini ya nyama mwili unayachukua kwa urahisi zaidi, ndiyo maana nawaambia wasichana wakamulie limau. Na vitamini B12, choroko hazina."

"Basi ni hiyo B12?"

"Kwa Kwaresma moja? Hapana. Mwili una akiba yake ya miaka."

"Chuma?"

"Ingechukua miezi, na daktari kasema damu ni nzuri."

"Na potasiamu? Nani anazidi?"

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Harieth alianza na neno moja. "Choroko," alisema. "Choroko na dengu zinazidi nyama, tena kwa mbali."

"Kwa hiyo msichana anayekula choroko mara tatu kwa siku..."

"Angetakiwa kuwa nayo tele."

"Basi kuna kitu kingine mle ndani," alisema Ikupa. Alihisi ahueni ya kwanza tangu alfajiri. "Ulizipima wewe hizo kababu?"

"Nilizipeleka maabara mara mbili. Mama Benedikta alikataa kuwalisha mabinti mpaka athibitishiwe kwamba protini iko sawa na nyama ya ng'ombe. Mara ya kwanza ilipungua sana, Domitila alilia hapa hapa. Mara ya pili, karibu na Kwaresma, ikawa sawa kabisa! Nilifurahi mno. Nimezitolea mfano kwenye semina."

"Alibadilisha nini?"

"Alisema mdogo wake ameboresha mchanganyiko."

"Na hukuuliza ameboresha kwa kitu gani?"

"Mashine inahesabu protini, Inspekta. Haiulizi imetoka wapi."

"Mashine sijailaumu."

Harieth alikaza macho sakafuni.

Kabla ya kwenda Mwandoya ilibidi ampitie Masunga, maana vitisho vya hadharani haviachwi viporo. Masunga alikuwa nyuma ya bucha yake, mtu mpana mwenye kofia ya pama, akimkaripia mchinjaji.

"Ulisema baga zitaua mtu," alianza Ikupa bila salamu ndefu.

"Nilisema. Na nani kaumwa? Mtoto wa dada yangu! Ungekuwa mimi ungenyamaza?"

"Domitila alikuwa anakuharibia biashara."

Masunga alicheka bila furaha. "Mayu, mama yangu, wewe hujawahi kuuza nyama. Wakatoliki wakifunga, mimi nanunua ng'ombe kwa bei nzuri, nawanenepesha. Pasaka wanakuja na uchu wa majuma yote, hawaulizi hata bei. Kwaresma ndiyo inayonilisha. Aliyezidisha kufunga namuombea heri."

Ikupa hakuipenda hoja hiyo, hasa kwa sababu ilikuwa nzuri. Masunga alipoona ameshinda akapanda juu zaidi. Alisema polisi wamelala. Alisema nyama ya ng'ombe imewalea Wasukuma kabla hakujawa na hospitali. Alisema familia ile ya Domitila yote ina matatizo.

"Yule mdogo wake, Joakim. Juzi juzi tumekwaruzana Mwandoya kwenye ghala la mashudu. Nimefuata mashudu ya pamba ya ng'ombe wangu, nakuta yeye kabeba gunia za mwisho. Na wewe unafuga nini, namuuliza? Hana ng'ombe. Hana hata mbuzi!"

"Mzee Masunga, nimekuuliza habari za sumu, unaniletea ugomvi wa mashudu."

"Nakwambia tabia zao!"

"Asante," alisema Ikupa, akaondoka. Kwenye gari alimwambia Ndaki kwamba mtu mwingine akimletea habari za chakula bila kumpa chakula chenyewe, atamweka ndani. Ndaki aliwasha gari, akasema hata yeye ana njaa, na kwamba Mwandoya kuna mama anachoma mbuzi vizuri sana. Ikupa alimtazama mpaka akanyamaza.

Njia ilipita kwenye mashamba ya pamba, miti ikiwa imeanza kufungua vitumba, na makundi ya ng'ombe yaliyovuka barabara kwa wakati wao. Walifika Mwandoya saa tisa. Mashine ya Joakim ilikuwa imefungwa. Nyumba ilikuwa nyuma yake, na mlangoni, juu ya ngozi ya ng'ombe, alikaa bibi mwenye nywele nyeupe, miguu ameinyoosha.

"Mwadila, mayu," Ndaki alimsalimu kwa Kisukuma huku akiinama.

"Mwadila, mwanangu. Karibuni. Mniwie radhi, siinuki. Miguu imenikataa." Huyu ndiye Milembe, mama yao Domitila. "Uzee ndiyo huu. Mwaka jana nilikuwa napalilia mwenyewe."

"Imekukataa tangu lini, mama?" aliuliza Ikupa.

"Tangu tumeanza kufunga. Nilidhani ni njaa ya Kwaresma, lakini nakula vizuri. Joakim ananikaangia zile za dada yake kila siku. Hazina mafuta ya nyama. Domitila alinikataza nyama, nami namsikiliza, yeye ndiye mwenye akili nyumba hii." Akainua uso. "Hajapiga simu siku hizi. Mzima?"

Ndaki aligeukia ng'ombe wa jirani. Ikupa alisema Domitila ni mzima, na kwamba ana shughuli mjini. Ilikuwa kweli kwa kiasi fulani.

Joakim alikuwa amekwenda sokoni, angerudi sasa hivi. Monika, mke wake, alisema mgeni hawezi kusubiri tumbo tupu. Ikupa alitaka kumkumbatia. Monika akaweka kikaango motoni, akachukua yai na kulipasua kwenye bakuli.

Kiini hakikuwa cha njano. Kilikuwa na kijani kilichochakaa, kama gwanda la zamani la mgambo.

"Samahani, mayu," Monika alisema haraka, akilimwaga. Akapasua la pili. Nalo vile vile. "Yakikaa siku chache yanakuwa hivi. Majirani wanasema tumerogwa, hawanunui tena."

"Na kuku ni wazima?"

"Wazima, wanashinda pale mashineni wanadonoa makombo ya unga wa baga."

"Wewe unazila hizo baga?"

"Zinanikwaruza koo. Mimi nakula dagaa."

Ikupa alisimama na lile bakuli mkononi. Alimtazama bibi asiyeweza kuinuka, akaitazama mashine iliyofungwa, na maneno ya Masunga, aliyoyatupa njiani kama ganda la muwa, yakamrudia yote. Hana ng'ombe. Hana hata mbuzi. Alijikasirikia mwenyewe waziwazi, kwa sauti, hata Ndaki akageuka.

Alimpigia Harieth. "Swali moja. Jibu moja. Mashudu ya pamba yana protini?"

"Nyingi sana, ndiyo maana wafugaji..."

"Mtu akila?"

"Mungu wangu. Mashudu ni makapi ya mbegu ya pamba, na mbegu hiyo ina sumu yake ya asili, inaitwa gosipoli. Mafuta ya kupikia yanasafishwa kiwandani, hayana tatizo. Ng'ombe mkubwa tumbo lake linaimudu. Nguruwe hawezi, ndama hawezi, kuku inawaharibia mayai. Na binadamu, akila kwa majuma mengi..." Akasikika akimwita Hemed kwa sauti. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo. "Inashusha potasiamu."

Joakim alirudi akisukuma baiskeli. Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na mitano, na alipoona gari la polisi hakukimbia. Ikupa alimwita mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, kisha mashine ikafunguliwa. Ndani kulikuwa na gunia za choroko, gunia za dengu, na nyuma yake, zimefunikwa turubai, gunia nne za mashudu. Chekecheo lilining'inia ukutani. Kwenye matundu yake yalikuwa yamenasa maganda meusi yenye manyoya meupe ya pamba. Ikupa alichota sampuli, akafunga kwa lakiri, mwenyekiti akatia sahihi.

"Unafuga?" alimuuliza Joakim.

"Hapana, afande."

"Mashudu ya nini?"

"Ya kuongeza nguvu kwenye unga." Alisema kama mtu anayeulizwa chumvi ni ya nini. "Dada alinipigia analia. Wamepima, protini haifiki ya nyama, na yule mama wa hosteli hataki. Nikafikiri. Hapa kwetu kitu chenye protini kuliko vyote ni nini? Mashudu! Nayachekecha maganda, nayasaga laini, nachanganya na choroko. Walipopima tena, ikawa sawa na ng'ombe. Sawa kabisa!"

"Domitila anajua?"

"Angekataa. Watu wa mjini wakisikia mashudu wanafikiria zizi."

"Joakim, mashudu ya pamba ni sumu kwa mtu."

"Si sumu!" Alikasirika kwelikweli. "Ng'ombe wanakula miaka yote wananenepa, maziwa yanaongezeka, na hao ng'ombe tunawala. Mimi nimemruka ng'ombe katikati tu. Ningempa mama yangu sumu? Monika, lete zile za asubuhi."

Monika hakusogea. Joakim akaingia ndani mwenyewe, akatoka na sahani ya kababu zilizopoa, akaketi kwenye kigogo na kuuma mbele yao wote. Alitafuna akimkazia Ikupa macho. Ikupa aliinyakua sahani na kuikabidhi kwa mwenyekiti.

"Inatosha. Nimekuamini kwamba hukujua. Inuka twende."

Joakim aliweka mikono miwili magotini. Akasukuma, akarudi chini. Akashika ukuta wa mashine, akajaribu tena, jasho likimtoka. Watu wote uani walimtazama na hakuna aliyecheka.

"Nimeendesha baiskeli sana leo," alisema.

"Umeisukuma," alisema Ikupa. "Nimekuona."

"Anaanza kama mimi," Milembe alisema kutoka mlangoni. "Na mimi nilianza na kushika ukuta."

Wakati huo Joakim alielewa. Alimtazama mama yake, akaitazama miguu yake, akafunika uso kwa viganja. Ndaki na mwenyekiti walimbeba Milembe mpaka kwenye gari pamoja na ngozi yake, kisha wakarudi kumchukua mwanawe. Pingu Ikupa hakuzitoa mfukoni, maana hakuona sababu ya kumfunga mtu asiyeweza kukimbia.

Njiani Evaristo alipiga simu. Ikupa alimweleza yote: mashudu, mayai, gunia, chekecheo. Akamwambia Hemed ameshaarifiwa, na hosteli imezuiwa kugawa baga. Akaomba Domitila aachiwe.

"Aachiwe," alisema Evaristo baada ya kutafakari. "Kazi nzuri. Sasa niambie, kumbe ipi ni bora, nyama au choroko?"

Ikupa alikata simu, na kama angeulizwa angesema ni mtandao.

Domitila aliletwa hospitali moja kwa moja kutoka mahabusu, kanga yake ikiwa bado na vumbi la sakafu. Ikupa alimweleza kwenye korido, wamesimama, kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Nancy ataishi. Daktari sasa anajua anapambana na nini, na dripu yake haitashindana na sahani tena. Mashudu yalitoka kwa Joakim. Joakim amelazwa. Na mama yao pia.

"Mama alikuwa anazila?" Domitila aliuliza.

"Kila siku."

"Mimi ndiye niliyemwambia aache nyama." Alisema hivyo akitazama mlango wa wodi. "Nilimwambia hizi ni salama zaidi."

"Za kwako za mwanzo zilikuwa salama. Zilipungukiwa na protini tu, na hakuna aliyewahi kufa kwa kupungukiwa na protini ya baga."

Domitila alisukuma mlango. Aliingia. Milembe alikuwa kitanda cha mbele, amelazwa na dripu mkononi. Kwa sababu nafasi zilikuwa hazitoshi, Joakim alikuwa kwenye kona ya pili nyuma ya pazia, askari mmoja kakaa mlangoni. Domitila aliinama juu ya mama yake muda mrefu. Upande wa pili hakugeuka kabisa.

"Mdogo wako ana kiu," Milembe alisema. "Nimemsikia akiomba maji. Mkono wake haufiki."

Domitila alisimama wima. Akamgeukia Ikupa. "Afande, akipona atashtakiwa?"

"Atashtakiwa. Si kwa kutaka kuua. Kwa uzembe. Lakini wasichana wale wana wazazi, na mimi siwezi kuliacha."

"Na shahidi wa kwanza ni nani?"

Ikupa alikuwa hajala tangu asubuhi, alikuwa amechoka, na lile lilikuwa swali la kwanza siku nzima lililokwenda pale pale lilipopaswa kwenda. "Wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyepokea unga."

Domitila alichukua kikombe juu ya meza, akakijaza maji, akazunguka pazia. Akaweka kiganja nyuma ya shingo ya mdogo wake na kumwinua kichwa. Joakim alikuwa analia, hakuweza hata kujifuta.

"Kunywa," alimwambia. "Taratibu. Ukipona, tutakwenda wote mahakamani, na mimi nitasema yote."

Akamshikia kikombe mpaka maji yakaisha.